Batani za Usukani Kwenye ECU ya Nje: Waya Kila Batani, Rezista, CAN au Bila Waya?

ECU ya nje, yaani kompyuta ya injini isiyo ya kiwandani, ikishafungwa na injini ikatulia, swali linalofuata huwa la usukani. Umelipia lonchi kontroli (ya kuondokea kwa kasi), una ramani mbili za busti (mipangilio ya shinikizo la turbo), trakshen kontroli (ya kuzuia magurudumu yasiteleze) ina viwango kadhaa, lakini vyote vimelala ndani ya laptopu kwa sababu hakuna pa kuvibonyezea. Swichi ya dashibodini inatosha kwa muda, mpaka siku unapoihitaji katikati ya kona na mikono yote miwili ina kazi. Ndipo mtu anapowaza batani za usukanini, na hapo hapo anakwama: waya utapitaje kwenye kitu kinachozunguka, na utaingia wapi kwenye ECU?

Njia zinazotumika sana ni nne: kila batani na waya wake, batani kadhaa kwenye waya mmoja kwa kutumia rezista, moduli ya CAN (mtandao wa nyaya mbili ambao kompyuta za gari huzungumzia) ndani ya usukani, na rimoti isiyo na waya. Zote nne zinafanya kazi. Zote nne pia humtesa mwenye gari aliyezipa kazi isiyozifaa, ndiyo maana naanza na kazi ya batani kabla ya kufika kwenye waya.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni hicho: batani inafanya nini? Kufungua ukurasa mwingine kwenye dashi ya kidijitali ni kazi nyepesi. Ikigoma, unakereka na safari inaendelea. Kubadili ramani ya busti iko katikati. Lonchi kontroli, anti-lagi (inayotunza busti ukiachia mafuta), limita ya mwendo wa pit (eneo la kuhudumia magari ya mashindano) na pedo za kubadilishia gia ni kazi nzito, kundi la peke yake. Limita ya pit ikijibonyeza yenyewe ukiwa kilomita 140 kwa saa, injini inakatwa moto ghafla na gari la nyuma yako halina habari.

Cha pili ni idadi ya nyaya zinazovuka pale panapozunguka. Cha tatu ni miguu ya ECU (pini za kuingizia waya) inayoliwa, na kama batani mbili zikibonyezwa pamoja zitasomeka zote. Cha nne ni kile wengi wanachokiruka: waya ukikatika, ukichubuka au ukipata kutu, ECU itaona nini? Mimi ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine vyote. Cha tano ni fundi na vipuri. Kitu kinachoharibika Jumamosi jioni kabla ya mashindano ya Jumapili, kuna mtu karibu anayeweza kukigusa?

Honi haimo kwenye ulinganisho huu. Honi iende kwenye relei yake yenyewe, kwa waya wake, isipite kwenye ECU kwa njia yoyote kati ya hizi nne. ECU ikizima, honi lazima iendelee kulia.

Kwanza, pale panapozunguka

Usukani wa kiwandani wenye eabegi unavusha umeme kwa klokispringi, ile kebo bapa iliyosokotwa ndani ya kisahani cha plastiki nyuma ya usukani. Haina mzunguko usio na mwisho. Kwenye Toyota nyingi, unaizungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ikomee, kisha unairudisha karibu mizunguko miwili na nusu ili ikae katikati. Ukiirudishia bila kuiweka katikati, siku moja utakata kona kali ya kuegesha na kebo itakatika, na taa ya eabegi itawaka pamoja nayo.

Kwa sababu waya wa eabegi unapita humo humo, toa ncha hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua chochote. Soketi za eabegi mara nyingi ni za njano. Hizo usizichokonoe, usiziunganishie waya, wala usizipime kwa multimita, kwa sababu umeme mdogo wa mita nao ni umeme, na eabegi hulipuka kwa umeme.

Usukani wa mashindano usio na eabegi hutumia kebo iliyojikunja kama ya simu ya mezani, au usukani wa kuchomoa wenye vipini vya umeme ndani ya kitovu chake. Kebo ya kujikunja ni rahisi kubadilisha na kosa lake unaliona kwa macho. Ubaya wake ni kwamba inaweza kunasa kwenye fimbo ya indiketa au gotini. Ukimaliza kufunga, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, gari likiwa limezimwa, mtu mwingine akiangalia kebo inapopita. Vipini vya kwenye kitovu ni vizuri hadi vumbi liingie. Kwenye fesh-fesh, ule unga laini wa njia za Naivasha kama Kedong, vumbi linaingia kila mahali, kwa hiyo vipini vinahitaji kusafishwa kila usukani unapochomolewa.

Sasa njia zenyewe.

1. Kila batani na waya wake

*Inavyofungwa.* Mguu mmoja wa batani unaenda ethi (upande hasi wa umeme), wa pili unaenda kwenye mguu wake wa ECU. Batani zote zinaweza kutumia ethi moja, kwa hiyo batani nne zinataka nyaya tano, na batani sita zinataka saba. Klokispringi ya kawaida haina nafasi hiyo, hivyo njia hii karibu kila mara huenda na kebo ya kujikunja au usukani wa kuchomoa. Peleka ethi usukanini, usipeleke volti 12. ECU nyingi zina rezista ya ndani inayouvuta mguu juu, na kazi ya batani ni kuushusha tu. Anayepeleka volti 12 ameweka waya wenye moto mahali panaposuguliwa kila siku, na mguu wa analogi (unaosoma kiasi cha volti) uliotengenezewa volti 5 haupendi kuonjeshwa 12.

Ethi hiyo itoke kwenye ethi ya sensa za ECU, si kwenye bodi ya gari. Bodi ina mikondo ya feni, pampu na taa, na ethi yake huyumba.

*Upande wa ECU.* Kila batani inakula mguu wa dijitali (unaosoma imebonyezwa au haijabonyezwa tu), na miguu hiyo hiyo inagombewa na sensa za mwendo wa magurudumu, sensa ya ethanoli, swichi ya klachi na ombi la AC. Hesabu kwanza kilichobaki. Faida yake ni kwamba batani mbili zikibonyezwa pamoja zinasomeka zote mbili bila utata, na hakuna njia inayojibu haraka kuliko hii. Nunua batani za kubonyeza na kuachia. Programu za ECU nyingi zinaweza kuzigeuza kuwa za kuwasha na kuzima.

*Ikiharibika.* Waya wa batani moja ukikatika, imekufa batani hiyo tu. Waya ukichubuka na kugusa chuma, ECU inaona batani iliyobonyezwa na haijaachiwa. Dawa iko kwenye programu: lonchi ikubali tu mwendo ukiwa chini ya kilomita 5 kwa saa na klachi ikiwa imekanyagwa. Kwa masharti hayo, hata batani ikikwama katikati ya barabara, hakuna kitakachotokea.

*Fundi na vipuri.* Fundi umeme yeyote anayejua kutumia multimita anaielewa kwa kuitazama. Batani, waya na soketi utazipata Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) bila kuagiza chochote kutoka nje.

*Inamfaa* mwenye batani chache zenye kazi nzito, hasa pedo za gia, na mwenye ECU yenye miguu ya kutosha.

2. Rezista kwenye waya mmoja

*Inavyofungwa.* Hapa ndipo watengenezaji wa magari wenyewe walipo. Batani zote zinaungana kwenye waya mmoja na ethi moja, ila kila batani ina rezista ya thamani tofauti. ECU haihesabu nyaya; inasoma volti. Nyaya mbili zinavusha batani nne, na klokispringi ya kiwandani inatosha, eabegi ikabaki mahali pake. Kama gari lako lina batani za redio kwenye usukani, sehemu kubwa ya kazi imeshafanywa Japani.

Chukua Toyota. Kwenye mifano mingi, waya unaoitwa AU1 kwa kulinganishwa na EAU, yaani ethi ya batani hizo, unasoma takriban omu 0 kwa batani moja, 330 kwa ya pili, 1,000 kwa ya tatu, 3,100 kwa ya nne, na karibu omu 100,000 ukiwa hujagusa kitu. Pima za kwako kwa multimita kabla ya kuamini namba za mtu yeyote, hizi zikiwemo. Sasa uupe mguu wa analogi wenye rezista ya omu 1,000 inayouvuta juu hadi volti 5, kama ECU nyingi zilivyo kwenye miguu ya sensa za joto. Volti inakuwa 5 mara omu za batani, gawanya kwa omu za batani jumlisha 1,000. Batani ya kwanza inatoa 0, ya pili 1.24, ya tatu 2.50, ya nne 3.78, na bila kubonyeza 4.95. ECU za MegaSquirt za zamani zina rezista ya omu 2,490 badala ya 1,000, kwa hiyo namba zote zinahama. Piga hesabu upya.

*Upande wa ECU.* Mguu mmoja tu wa analogi. Lakini kuna mambo mawili yanayowakuta watu.

La kwanza ni kubonyeza mbili pamoja. Batani ya omu 330 na ya omu 3,100 zikibonyezwa kwa wakati mmoja zinakuwa kama omu 298, yaani volti 1.15. Hiyo ni karibu sana na 1.24, na ECU itasema umebonyeza ya pili peke yake. Ile ya omu 0 ikibonyezwa, inafuta nyingine zote. Usitegemee mchanganyiko wa batani kwenye njia hii.

La pili ni kichujio. Mguu wa analogi mara nyingi una kapasita ya kutuliza kelele, kwa hiyo ukibonyeza, volti haianguki ghafla. Inateremka kutoka 4.95 kwenda 0, na njiani inapita 3.78, 2.50 na 1.24. ECU yenye kasi inaweza kuona batani tatu ambazo hukuzigusa. Weka sharti kwamba volti ikae mahali pamoja kwa milisekunde 50 hivi ndipo ihesabiwe. Kwa kubadili ramani hutauhisi ucheleweshaji huo. Kwa pedo za gia utauhisi, na utauchukia.

Usiache laini moja ihudumie redio na ECU kwa pamoja. Redio nayo ina rezista yake ya kuvuta juu, na zikikutana mbili volti zote zinapotoka. Toyota nyingi zina laini ya pili, AU2, yenye batani za simu na kubadilisha chanzo cha sauti, lakini zote mbili zinatumia EAU moja. Ukiiunganisha EAU na ethi ya sensa za ECU huku bado iko kwenye redio, umeziunganisha ethi mbili zilizopaswa kukaa mbali. Kwa maoni yangu ni heri kuitoa redio kwenye usukani kabisa. Sauti unaweza kuongeza kwa mkono.

*Ikiharibika.* Waya ukikatika, volti inapanda hadi 5 kamili na ECU inaona hakuna kilichobonyezwa. Vizuri. Waya ukigusa chuma, volti ni 0, na hiyo ndiyo batani ya kwanza ya Toyota. ECU haiwezi kutofautisha kidole chako na waya uliochubuka. Batani hiyo ipe kazi nyepesi, kama kufungua ukurasa wa dashi, au usiipe kazi. Ukijenga ngazi yako mwenyewe ya rezista, anza na omu 100 badala ya 0: batani itasoma 0.45, na 0 itabaki kuwa alama ya hitilafu.

Kutu ni adui wa kimya kimya, na anayeishi Mombasa, Tanga au Dar anamfahamu. Mguso wenye kutu unaongeza omu. Batani ya 330 iliyoongezewa omu 300 inasoma 1.93. Mtu aliyeweka mpaka katikati ya batani ya pili na ya tatu, yaani 1.87, atabonyeza ya pili na ECU itatekeleza ya tatu. Kwa hiyo acha nafasi tupu kati ya batani na batani: ya pili iwe kati ya 1.04 na 1.44, ya tatu kati ya 2.30 na 2.70, na volti yoyote ya katikati isifanye kitu. Batani yenye kutu itakufa badala ya kudanganya.

*Fundi na vipuri.* Rezista ni bei ya chee na zinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya elektroniki. Shida ni upande wa programu: fundi anayejua waya huenda hajui kuandika mipaka ya volti, na aliyekutyunia gari kwa laptopu huenda yuko mji mwingine. Muombe aandike mipaka hiyo siku ile ile ya kutyuni.

*Inamfaa* mwenye gari la barabarani linalobaki na usukani wa kiwandani, na anayetaka batani nne au chini yake kwa kazi nyepesi na za kati.

3. Moduli ya CAN ndani ya usukani

*Inavyofungwa.* Batani zinaingia kwenye kompyuta ndogo iliyo usukanini, nayo inazungumza na ECU kwa nyaya mbili za CAN. Ongeza volti 12 na ethi, jumla ni nyaya nne, ziwe batani tatu au kumi na mbili. Volti 12 hiyo iwe na fyuzi yake ndogo kabla ya kuingia kwenye kebo. Unaweza kununua paneli iliyokamilika, kama za Blink Marine au za Haltech, ambazo zina taa ndani ya kila batani na hazipitishi maji wala vumbi, au kujenga yako kwa moduli ndogo.

*Upande wa ECU.* Haili mguu wowote, ila inadai nafasi kwenye laini ya CAN na muda wa kuipanga. Kasi lazima zilingane. ECU nyingi za mashindano, Link na Haltech zikiwemo, huzungumza kwa megabiti 1 kwa sekunde, wakati paneli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kasi ndogo zaidi. Mpaka uzilinganishe, hakuna kitakachosomeka.

Wanaojenga wenyewe wanakutana na kikwazo cha aina yake. Zile bodi ndogo za bluu zenye chipu ya CAN ya MCP2515 zinazouzwa kwa bei rahisi huja na kristali ya megahezi 8, na kwa kristali hiyo chipu haiwezi kufikia megabiti 1 kwa sekunde inavyotakiwa. Kilobiti 500 inafika. Ama ushushe kasi ya laini nzima, ama utafute bodi yenye kristali ya megahezi 16. Nyingi ya bodi hizo zina pia rezista ya omu 120 inayowekwa na kutolewa kwa kijumpa kidogo, na hilo linatuleta kwenye sehemu inayoumiza zaidi.

Laini ya CAN inataka rezista ya omu 120 kila mwisho, mbili tu. Gari likiwa limezimwa, ukipima kati ya nyaya mbili za CAN utaona omu 60. Ukiona 120, moja haipo. Ukiona 40, kuna ya tatu imejificha mahali. Kwa kasi ya megabiti 1, tawi linalochomoza kutoka kwenye laini kuu halitakiwi kuzidi sentimita 30, na kebo ya kujikunja inadanganya macho: inaonekana fupi lakini waya uliomo, ukinyooshwa, unaweza kuzidi mita. Kwa hiyo wengi wanaufanya usukani kuwa mwisho wa laini, na kuweka rezista humo. Halafu mtu anachomoa usukani ili atoke garini, rezista inaondoka nao, na kila kilichokuwa kwenye laini ile kinayumba: dashi, na kipimo cha lambda (cha mchanganyiko wa hewa na mafuta) kama kinatuma kwa CAN.

Kama ECU yako ina laini mbili za CAN, usukani upewe ya peke yake. Makosa ya usukani yatabaki usukanini, na lambda itaendelea kusomeka.

*Ikiharibika.* Batani moja ikifa, nyingine zinaendelea. Waya mmoja wa CAN ukikatika, zinakufa zote kwa pamoja. Lakini hapa CAN ina kitu ambacho njia mbili za mwanzo hazina: ECU inajua kwamba imeacha kusikia. Weka muda wa kikomo kwenye programu, ili ujumbe usipofika ndani ya muda huo kila batani ihesabiwe imeachiwa. Usipouweka, ECU inaweza kubaki na ujumbe wa mwisho iliousikia, na kama ujumbe huo ulisema limita imebonyezwa, limita itabaki imebonyezwa.

*Fundi na vipuri.* Paneli ikifa haitengenezwi pembeni ya barabara. Unabeba ya akiba iliyokwisha pangwa, au unaendesha bila batani. Fundi wa kuifunga si lazima awe na maarifa ya CAN, lakini wa kuipanga lazima awe nayo.

*Inamfaa* mwenye batani nyingi, anayetaka taa zinazomwambia kipi kimewashwa, na aliyeamua kwamba gari hili ni la mashindano kwa miaka kadhaa.

4. Bila waya

*Inavyofungwa.* Rimoti yenye betri inakaa usukanini, kipokezi kinakaa nyuma ya dashibodi na kuunganishwa na ECU kwa miguu ya dijitali au kwa CAN. Hakuna kinachovuka panapozunguka. Klokispringi haiguswi, usukani unachomolewa bila kufikiria, na kazi yote inaisha mchana mmoja.

*Upande wa ECU.* Kipokezi chenye matokeo ya kawaida kinakula mguu mmoja kwa kila batani, sawa na njia ya kwanza. Vipokezi vya rahisi vya megahezi 433 vina hali ya kuwasha na kuzima, na hali ya kubonyeza na kuachia. Chagua ya pili, na acha ECU yenyewe ifanye kazi ya kukumbuka. Kipokezi kilicho kwenye hali ya kuwasha na kuzima hakijui kama ulishaachia, wala ECU haijui kipokezi kimelala upande gani baada ya kuzima gari.

*Ikiharibika.* Betri ikiisha, batani zote zinanyamaza, na hiyo ni hitilafu ya upole. Mbaya zaidi ni ujumbe wa kuachia unaopotea hewani. Joto nalo lina sehemu yake: betri nyingi za CR2032 zimepangiwa kikomo cha nyuzi 60, na usukani wa gari lililoegeshwa juani, vioo vimefungwa, unasogelea huko. Badilisha betri kabla ya kila tukio, usingoje iishe.

*Fundi na vipuri.* Betri zipo kila mahali, rimoti ya akiba ni nyepesi kubeba. Kujua kwa nini leo inashika na jana haikushika ni kazi ngumu, kwa sababu hakuna waya wa kupima.

*Inamfaa* anayetaka kubadilisha kurasa za dashi na ramani, asiyetaka kugusa klokispringi yenye eabegi, au mwenye gari asilotaka kulichokonoa kwa kudumu. Lonchi, anti-lagi na gia nisingeziweka hapa, hata kwa mfumo wa bei ghali.

Kulingana na hali yako

Gari la kila siku lenye eabegi na batani za redio, unataka ramani mbili na kiwango cha trakshen: tumia rezista zilizopo, kupitia klokispringi ile ile. Kabla ya kununua kitu, pima omu za kila batani huku ukizungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Namba zikirukaruka wakati unazungusha, klokispringi imechoka na ndiyo inayotakiwa kubadilishwa kwanza.

Gari la kila siku lenye eabegi lakini halina batani yoyote, kama Impreza nyingi za zamani: rimoti kwa kazi nyepesi, na swichi ya kawaida pembeni ya gia kwa lonchi. Kukata mfuniko wa eabegi ili kupachika batani haifai kwa bei yoyote.

Subaru au Mitsubishi Evo ya rali au autokrosi, usukani wa mashindano, batani tatu au nne: kila batani na waya wake, kebo ya kujikunja, na kebo ya pili iliyokamilika na soketi zake ndani ya sanduku la vipuri. Navigeta anaweza kuibadilisha kati ya hatua na hatua.

Gari lenye pedo za gia na batani nyingine nyingi: changanya. Pedo zipewe nyaya zao moja kwa moja, zilizobaki ziende CAN kwenye laini ya peke yake. Kebo ya nyaya nane inatosha yote: nne za CAN na umeme, mbili za pedo, moja ya ethi ya sensa, na moja ya honi inayoenda kwenye relei.

ECU ndogo iliyobakiwa na mguu mmoja tu, bajeti imeisha: jenga ngazi yako ya rezista kwa omu 100, 330, 1,000 na 3,300. Kwa rezista ya kuvuta juu ya omu 1,000 utapata 0.45, 1.24, 2.50 na 3.84, na 0 itabaki kuwa ishara ya waya uliogusa chuma. Ziunganishe nyuma ya batani zenyewe usukanini, uzifunike kwa mrija wa kusinyaa kwa joto, kisha fungua laptopu na uandike mipaka ukiwa unaziona volti zikisomeka kwenye skrini, injini ikiwa inawaka na feni ikiwa imewashwa.

Na kama bado hujui unataka batani za kazi gani, funga mbili tu kwa sasa, kwa waya wa moja kwa moja, ila nunua kebo yenye nyaya za ziada. Nyaya zisizotumika zifunge ncha zake pande zote mbili, uziandike namba, uziache zimelala ndani ya soketi.